Wajina Watatu

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano, Dada Mafaili alivuta droo ya nne ya kabati la chuma, akafungua jalada la kijani. Jalada lilikuwa tupu.

Nyuma yake alisimama binti wa Fundi Kinanda, mkoba kifuani.

"Karatasi iko wapi, dada?"

"Haipo."

"Haipo vipi? Si wewe mwenyewe ulinipigia simu juzi nije niione?"

Ni kweli. Dada Mafaili, mhifadhi nyaraka wa redio, ndiye aliyeifukua karatasi hiyo mwezi uliopita: wimbo wa kubembelezea watoto ambao redio huupiga kila jioni, maneno na noti kwa mkono wa Fundi Kinanda, na muhuri wa siku alipouleta. Kitabu cha watu mashuhuri kilisema wimbo huo ni wa Daktari, bingwa wa upasuaji. Wawili hao walikuwa wajina, herufi kwa herufi, jina la kwanza hadi la tatu. Na kana kwamba haitoshi, alikuwepo wa tatu: Kipa, aliyewahi kulinda lango la timu ya taifa. Toleo jipya la kitabu lingeingia mtamboni Ijumaa. Bila karatasi ile, Fundi Kinanda angekufa mtu wa kutengeneza vinanda vya wenzake.

Mkurugenzi wa redio alipoitwa, aliikagua droo kwa ncha ya kalamu. "Kufuli halijavunjwa. Ufunguo anautunza nani?"

"Mimi, bosi. Hukaa kwenye msumari nyuma ya kalenda."

"Basi una mpaka kesho jioni. Baada ya hapo naita polisi, na wa kwanza kuulizwa ni wewe."

Dada Mafaili alikwenda moja kwa moja kwenye daftari la wageni. Jumatatu: jina lile la wajina watatu, limepinda kama limeandikwa juu ya gari linalokwenda. Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri: jina lile lile, safari hii kwa mwandiko ulionyooka, na mwishoni namba mbili ndani ya mabano. Akadhani ni idadi ya majalada yaliyoombwa. Saa hiyo hakuwepo mezani. Mwalimu, mhariri wa kitabu, alikuwa amempigia simu apeleke picha kwa mpiga chapa. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kazi hapo redioni tangu alipokuwa msichana wa kupanga magazeti. Siku ya harusi yake, yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Alimkuta Kipa uwanjani, mkono wa kulia umefungwa plasta.

"Jumanne? Mimi nilikuja Jumatatu, kutazama picha zangu za ujanani," Kipa alisema. "Mke wangu haamini kwamba nilikuwa na nywele."

"Mkono umeumia lini?"

"Jumamosi. Nilijitia kijana, nikadaka penalti. Sasa naandika kwa kushoto kama kuku anayeparua."

Mwandiko wa Jumatatu ulikuwa wake, basi. Wa Jumanne haukuwa.

Daktari alimpokea kwenye korido ya hospitali, barakoa shingoni. Jumanne alikuwa chumba cha upasuaji kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Muuguzi mkuu alithibitisha.

"Na ule wimbo, Daktari?"

Alitazama viatu vyake. "Mama, mimi hata mluzi sijui kupiga. Kitabu kilipotoka nilimwandikia Mwalimu arekebishe. Akasema tungoje toleo jipya. Basi, watu wakawa wananipigia makofi kila nikiingia ukumbini. Nikazoea. Naona aibu kukuambia."

"Kwa nini Mwalimu akupe wimbo usio wako?"

"Nilidhani amechanganya majina. Tulikuwa tukifahamiana kidogo. Nilimpasua binti yake kichwa, wenzangu walipokata tamaa."

Fundi Kinanda hakukuwa na haja ya kumhoji. Mikono yake ilitetemeka hata kijiko kilimshinda.

Alhamisi mchana Dada Mafaili alitandaza mezani kurasa za majaribio kutoka kwa mpiga chapa. Wajina watatu walifuatana, na ili msomaji asiwachanganye, mhariri alimpa kila mmoja namba ndani ya mabano baada ya jina: Daktari moja, Kipa mbili, Fundi Kinanda tatu. Akalivuta daftari la wageni karibu. Jina la Jumanne lilibeba namba ya Kipa, ndani ya mabano yale yale.

Saa kumi jioni Mwalimu aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akitabasamu. "Mwanangu, pole na misukosuko. Nasikia ni Kipa?"

"Ndivyo aliyeandika alivyotaka tuamini," Dada Mafaili alisema. "Mwalimu, wewe ukiandika jina lako, unalitia namba?"

"Namba ya nini?"

"Hakuna mtu anayejitia namba. Mtu ni mmoja kwa nafsi yake. Anayewahesabu ni yule aliyeishi nao kwenye karatasi miaka ishirini, mpaka mkono hauwezi kuliandika jina bila mabano."

Akamgeuzia daftari. Mwalimu aliiona ile namba mbili. Tabasamu lilikwenda likififia lenyewe.

"Ulinituma kwa mpiga chapa," Dada Mafaili aliendelea. "Ufunguo unajua unapokaa, wewe ndiye uliyepiga ule msumari. Nilipoipata karatasi, mtu wa kwanza niliyemwambia ni wewe. Nilikuja mbio kama mtoto."

"Alikataa hata asante," Mwalimu alisema. "Daktari. Binti yangu anatembea leo kwa sababu yake. Sikuwa na cha kumpa. Nikaona hili jina ni moja, nani atajua? Nikampa wimbo. Kurekebisha kungenilazimu nieleze."

"Ukaona bora nifungwe mimi?"

"Nilidhani watamwandama Kipa, kisha yatapoa."

"Karatasi iko wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Niliichoma. Jana, jikoni kwangu."

Mkurugenzi alisukuma kalamu na karatasi tupu mbele yake, akamwamuru ayaandike yote na kutia saini. Mwalimu aliandika, kisha akainua macho. "Angalau nilikufundisha kazi vizuri."

"Vizuri sana," alisema Dada Mafaili. "Laiti ungenifundisha vibaya."

Kabla ya jua kuzama Dada Mafaili alikuwa nyumbani kwa Fundi Kinanda pamoja na binti wa mzee huyo. Mzee alikaa mbele ya kinanda, mikono mapajani. Dada Mafaili alimsomea maungamo yote ya Mwalimu, akamwambia kwamba Daktari naye atatoa ushahidi, na kwamba kesho kitabu kitaingia mtamboni kikiwa na jina lake mahali pake.

Mzee hakushangilia.

"Huyo Mwalimu ni yule anayekuja kunitazama kila mwezi?" aliuliza. "Yule ninayempa barua zangu za kuudai wimbo azipeleke kwa wakubwa?"

Binti yake aliitikia kwa kichwa.

"Huniita ndugu yangu," mzee alisema, akanyoosha mikono yake inayotetemeka na kufunga kifuniko cha kinanda.