Futi Nane Nyuma ya Vidaka

Ulikuwa umebaki ukuta mmoja tu. Thabiti, mpimaji wa majengo, alitaka kuumaliza kabla ya magharibi, apande baiskeli yake arudi Rahaleo kwa mkewe. Ashura alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka, na safari hii Thabiti hata ndoo ya maji alikuwa hamwachii ainyanyue.

Mwaka ule wa 1967 wakubwa wa ofisini walitaka michoro ya nyumba kongwe za Mikindani kabla hazijaanguka zote. Hii ya leo ilijengwa na tajiri mmoja aliyekuwa akipokea misafara ya watumwa kutoka bonde la Ruvuma: kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, mlango wenye nakshi za minyororo. Wageni husifu sana nakshi hizo. Hawaulizi kwa nini minyororo.

Akavuta futi kamba ukumbi wa ndani, wenye vidaka vya kuwekea vyombo ukutani. Futi ishirini na tisa. Kwa nje, baada ya kutoa unene wa kuta, alikuwa amepata thelathini na saba.

Akapima tena. Ishirini na tisa.

Futi nane zilikuwa wapi?

Akasogelea vidaka. Harufu ikampiga puani... chokaa mbichi, kama ukuta umepigwa lipu asubuhi ileile. Akaugusa. Ulikuwa mkavu.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamke. Ndogo, ya mtu aliyechoka. Na Thabiti, mtoto aliyefunzwa adabu na wazazi wake, kabla hajafikiri chochote mdomo ukajibu wenyewe.

"Karibu."

Ndipo alipotambua kwamba anautazama ukuta.

Alitoka mbio, futi kamba akaiacha pale pale. Kwenye baraza ya mkabala alikuwepo Bi Tabu, kikongwe aliyetunza ufunguo wa nyumba ile, akichagua mchele. Alimtazama Thabiti mara moja tu, ungo ukamtoka mikononi.

"Umesikia hodi," alinong'ona.

"Nimesikia, bibi."

"Hukuitikia, lakini?"

Thabiti aligeuka kuutazama mlango aliotokea.

"Mwanangu! Hukuitikia?"

"Nimesema karibu."

Bi Tabu akajishika kichwa. "Ningekwambia asubuhi. Nikaona haya, nikasema huyu wa ofisini atanicheka tu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama yangu alitumika mle, bado kigori. Siku ilipoonekana meli ya wakaguzi wa kukomesha biashara ile, tajiri aliwasukumia watumwa wake wa kuuza chumba cha nyuma, akaziba mlango kwa mawe. Wakaguzi wakakaa siku tisa, wanakula pilau ukumbini. Mle ndani alikuwemo mwanamke mwenye mimba kubwa. Alipiga hodi siku nne. Mama alikuwa anafagia, akasikia. Wote walisikia, wakakatazwa kuitikia. Na mtaa huu hakuna aliyemwitikia mpaka leo."

"Anataka nini, bibi?"

"Mie najuaje? Labda pa kuzalia."

Thabiti alipanda baiskeli bila kuaga. Njia nzima ilikuwa nzito, kama amempakia mtu nyuma. Aligeuka mara tatu. Karia ilikuwa tupu... ila ilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa. Alisoma kila dua aliyoijua. Alipofika nyumba za mwanzo za Rahaleo, baiskeli ikawa nyepesi ghafla, na hilo likamtisha kuliko ule uzito.

Ashura alikuwa ameketi mkekani, koroboi inawaka kando yake, anatabasamu.

"Umechelewa, bwana. Mgeni wako kapiga hodi, nikamkaribisha. Maskini, tumbo lake kubwa kuliko langu! Kaniwekea mkono hapa, akasema asante, nimepata nafasi."

"Yuko wapi?"

"Si alikuwa hapa sasa hivi?"

Kwenye kanga ya Ashura, juu ya tumbo, palikuwa na alama ya kiganja. Nyeupe. Chumba kizima kilinuka chokaa mbichi.

"Na mtoto?" Thabiti aliuliza.

"Mchana kutwa ananipiga mateke. Tangu mkono ule, katulia. Afadhali, na mimi nipumzike."

Thabiti alipiga magoti, akaweka sikio tumboni. Kimya. Alimwomba Mungu, akaomba tena, akasikiliza.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ashura akacheka kwa furaha. "Umesikia? Mwanao anapiga hodi!"

"Ashura, usi..."

Lakini Ashura naye alifunzwa adabu na wazazi wake.

"Karibu, mwanangu," akasema.