Mzee wa Kabati la Joto

Siku ya kwanza Bi Rula hakuogopa. Alikasirika. Alitoa sahani ya Mzee kwenye kabati la joto, akaiinua dirishani, akasonya kwa nguvu hadi mwenzake wa meza ya pili, Kidevu, akageuka.

“Hebu njoo uone vituko. Hakuna hata duara moja!”

Mzee hakuwa mtu. Walikuwa bakteria wa maabara, wale wa kujaribia dawa zenyewe. Kila siku unawapaka kwenye sahani yenye chakula chao, unaweka juu vikaratasi sita vilivyotiwa dawa, unawalaza kwenye joto. Asubuhi, kila dawa iliyo nzima huwa imewaua walio jirani nayo na kuacha duara safi, nawe unalipima kwa rula, na huko ndiko Bi Rula alikopata jina. Mzee akifa kama kawaida yake, majibu ya wagonjwa yanatoka. Akigoma, hakuna jibu la kuaminika, mgonjwa awe nani.

Na mgonjwa wa safari hii alikuwa mdogo wake Bi Rula, kitinda mimba wa mama yao. Alijifungua kwa upasuaji, mshono ukaoza, dawa mbili zimeshindwa, homa haishuki. Daktari wa wodi alitaka kujua jambo moja tu: dawa ipi itawaua bakteria wa kidonda kile.

“Rudia,” Kidevu alisema. “Labda vikaratasi vimechacha.”

Akarudia. Vikaratasi vipya, chakula kipya, mikono imesuguliwa hadi kuwasha. Kesho yake alipofungua kabati alipokelewa na harufu ya kitambaa kibichi kilichosahaulika ndooni, na ndani yake kautamu kama ka manukato ya zamani. Sahani ya Mzee ilikuwa imejaa ukungu mzito wa kijivu. Vikaratasi sita vyote havikuwepo. Havikuanguka, havikuyeyuka, palipokuwa na vikaratasi palibaki alama ndogondogo za meno. Sahani ya mdogo wake nayo vilevile.

“Leo tena?” daktari aliuliza kwenye simu.

“Leo tena.”

“Dada, mdogo wako anaungua! Mnafanya nini huko chini?”

Swali la haki kabisa, na lilimuuma mno. Akafunga sampuli ya kidonda kwenye boksi, akampa dereva wa pikipiki aipeleke maabara ya hospitali jirani. Wakamwahidi majibu kesho, saa kumi jioni. Afadhali hivyo, akajiambia, kuliko kukaa hapa kupambana na uchawi wa sahani.

Siku ya tatu, mchana, Kidevu alikuwa ameenda kula. Bi Rula alikuwa peke yake anaandika kwenye daftari aliposikia mtu anatafuna. Akaacha kalamu. Kutafuna kukaendelea, polepole, kwa utulivu wa mtu mwenye meno machache na siku nzima mbele yake, na kila alipojisemea kuwa ni feni, ni bomba, ni panya wa darini, sauti ilimeza, ikapumua, ikaanza tonge jingine, nayo ilitoka nyuma ya mlango wa kabati la joto, ambao kwenye kioo chake, kwa upande wa ndani, ukungu ulikuwa umechora kiganja cha mkono chenye vidole virefu kuliko vya binadamu yeyote aliyepata kumwona.

Kidevu alimkuta ameegemea ukuta.

“Tangu lini tunamlisha huyu?” Bi Rula alinong’ona.

Kidevu alijua anachoulizwa. Kanuni inataka bakteria wale wateketezwe kila mwezi, watolewe wapya kwenye friza. Nani ana muda huo? Wao walichota kidogo kwenye sahani ya jana, wakapaka ya leo. Hivyo hivyo, siku kwa siku.

“Miaka tisa,” Kidevu alisema. “Na mimi ndiye niliyempa jina. Kila asubuhi namwamkia, shikamoo Mzee, tunacheka.”

“Miaka tisa tunakilisha kitu, hatukiachi kife, tunakipa na heshima! Sasa unashangaa kimeingiliwa? Lete glavu.”

Wakakusanya kila sahani ya Mzee, wakazitia kwenye jiko la mvuke, lile linaloua kila chenye uhai, wakakaza komeo wote wawili. Joto likapanda. Kidevu akainama karibu na mfuniko kama anayeaga maiti.

“Shikamoo Mzee. Tusamehe. Nenda.”

Kutoka ndani ya mvuke, taratibu, sauti ikaitikia:

“Marahaba.”

Halafu jiko likatikisika hadi miguu yake ikaruka sakafuni, na mlio ukatoka humo, mrefu, mwembamba, ukapanda mpaka vioo vya dirisha vikalia nao, ukakatika. Harufu ikaisha. Kabati la joto likawa kabati tu. Kidevu alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja.

Saa kumi simu ililia. Daktari naye alikuwa ameshuka mwenyewe, amesimama mlangoni na bomba la sindano tupu.

“Nimpe dawa gani? Hafiki asubuhi huyu.”

“Ngoja, ndio hawa,” Bi Rula alisema, akapokea.

“Dada, samahani,” mpimaji wa hospitali jirani alisema kwa sauti ya chini. “Majibu hatuna. Bakteria wetu wa kujaribia wamegoma. Na vikaratasi... hatuvioni.”

“Bakteria wenu mliwatoa wapi?”

“Si kwenu? Kidevu alitugawia sahani mwaka jana. Ngoja kidogo, dada. Kuna mtu anakula humu ndani.”

Simu ikakatika. Daktari bado alikuwa anasubiri. Bi Rula akaweka simu mezani.

“Chagua mwenyewe, daktari,” akasema, akakaa sakafuni akamlilia mdogo wake.