Tochi Iliyomzimikia Mapendo

Siku ya tatu ya kuijaribu tochi mpya, Constantin aliitoa mfukoni akaikuta ina matope.

Matope yametoka wapi? Ilikuwa Julai, vumbi tupu mji mzima wa Bukavu, na Constantin, mkuu wa ghala katika shirika moja la afya, ni mtu wa shati lililopigwa pasi na viatu visivyojua udongo. Aliifuta kwa leso, akainusa leso. Ilinuka udongo wa mvua, na ndani yake harufu ya sabuni ya kufulia. Akaikunja haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Tochi yenyewe haikuwa na kasoro. Ndogo kama kidole, inachajiwa kwa waya wa simu, ina kibanio cha kuishikiza mkandani. Kazi yake ilikuwa kutembea nayo wiki nzima, kuiangusha, kuilowesha, kuiwasha mpaka izime yenyewe, kisha kujaza fomu, ili wahudumu wa afya wa vijijini wapewe kitu cha kutegemea. Safari hii alikuwa anaijaribu kweli.

Maana ile ya kwanza hakuijaribu. Mwezi wa Machi aliiwasha dakika kumi tu, mchana kweupe, karibu na dirisha, huku anakula. Fomu ilipouliza kama mwanga unadumu saa sita mfululizo, akaandika "ndiyo" na kutia sahihi yake ya mikogo. Tochi arobaini zikagawiwa. Mwezi uliofuata Mapendo, mhudumu wa afya wa Nyantende, alikwenda kumwangalia mama mjamzito, giza na mvua vikamkuta njiani akirudi, na tochi ikamzimikia kabla saa mbili hazijatimia. Aliteleza akaanguka korongoni. Walimkuta asubuhi, kidole chake bado kiko kwenye kitufe.

Na nani aliyesoma hotuba ya shirika kwenye mazishi? Constantin huyo huyo. Alisema ni mapenzi ya Mungu, watu wakalia, na mama wa marehemu akamshika mikono yote miwili akamshukuru. Baadaye alizikusanya tochi zilizobaki kwa barua iliyotaja "marekebisho ya kawaida". Hakuna aliyemuuliza kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo kilikwenda kwa mwingine, yeye akabaki na shati lake safi na aibu asiyomwambia mtu.

Siku ya nne, saa sita mchana, aliingia katika ghala lisilo na madirisha ili aone tochi inavyomulika gizani. Alifunga mlango, akazima taa ya dari, akawasha. Mwanga ulitulia ukutani, mweupe, imara. Alipiga hatua moja kuelekea ukuta, na nyuma yake mtu akapiga hatua moja. Alisimama, ikasimama. Akatembea tena, polepole, akijiambia ni mwangwi wa viatu vyake, ila viatu vyake vilikuwa vikavu na hatua ile ilikuwa ya mguu mtupu uliolowa, unaonasa na kunasuka sakafuni, ukimjia taratibu kama mtu asiyetaka kusumbua, mpaka harufu ya sabuni ikamfika shingoni na sauti ya kike, ya upole, yenye baridi, ikanena karibu na sikio lake: "Papa Constantin, umulike mbele kidogo. Sioni."

Alipofikia swichi, ghala lilikuwa tupu. Nyayo za maji zilitoka kwenye mlango uliofungwa hadi kwenye visigino vyake. Alipiga magoti akazifuta mwenyewe kwa leso, mtu wa usafi asije akaziona. Hata katika hofu ile, alichowaza kwanza ni watu watasema nini.

Jioni alikwenda mtaa wa Kasha kwa Maman Godelive, mwanamke wa sala ambaye watu humwendea nyumba zao zinapoingiliwa.

"Maman, ni jini," alinong'ona. "Uniombee, itoke."

"Jini inakufuata juu ya nini? Uliifanyia nini?"

"Sijue, Maman."

"Unajua." Maman Godelive hakupandisha sauti. Alimkazia macho mpaka Constantin akainamisha kichwa na kumweleza, kwa mara ya kwanza, yote.

"Iyi haiko jini," Maman Godelive alisema. "Jini ningeifukuza. Uyu ni mutu anatafuta njia ya kwabo. Kesho umumulikie mpaka ku mulango ya mama yake. Na pale ku mulango, mbele ya kuingia, useme kile ulifanya. Kama hausemi, hataingia."

Kesho yake jua likizama, Constantin alishuka kwenye pikipiki Nyantende akafuata njia ya korongo kwa miguu. Aliwasha tochi, na hatua zikaanza. Hakugeuka. Alimulika mbele, na kila penye jiwe alipunguza mwendo bila kuambiwa, kwa sababu alisikia nyuma yake pumzi ya mtu anayepapasa, na njia nzima, kupitia migomba na mashamba ya maharagwe, alirudia kimoyomoyo maneno matatu aliyotakiwa kuyasema, "Sikuijaribu. Niliandika uongo", akayarudia mpaka yakawa mepesi, mpaka akaamini kweli kwamba yatatoka.

Maman Colombe, mama wa Mapendo, alikuwa kizingitini na majirani watano, wakiambua maharagwe.

"Karibu, Papa Constantin," alisema, akisimama kwa furaha. "Banajirani, njo ule papa alisemaka muzuri ku maziko."

Wote walimwamkia kwa heshima. Maneno matatu yakarudi tumboni.

Ndipo Maman Colombe alipoinua pua, akanusa sabuni ya kufulia ya mwanawe. Akaegemeza sikio upande wa giza.

"Papa," alisema chini sana, "mutoto yangu iko nyuma yako. Juu ya nini haingie?"

Constantin aliielekeza tochi chini.

"Kama kuko neno, sema, papa. Ata iko mubaya. Sema tu, aingie. Inje kuko baridi."

Alifungua kinywa. Aliwatazama majirani, vikapu vyao mapajani, macho yao yakimngoja mtu mkubwa kutoka mjini aseme jambo.

"Ofisi imenituma nikusalimie, Maman," alisema.

Maman Colombe alimtazama muda mrefu, bila hasira, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Kisha akatazama juu ya bega lake.

"Basi umufuate, Mapendo," alisema. "Siku atasema, utarudia ku nyumba."

Constantin aligeuka akaanza kushuka, na zile hatua zikashuka naye. Nyuma yao jirani mmoja alinyanyuka kwenda kufunga mlango, maana usiku ulikuwa umeingia. Maman Colombe alimshika mkono, akamwambia auache wazi.