Kitanda Kilichoinuliwa

Kitanda cha Baukje kilisimama juu ya magogo manne ya mbao. Kijijini kwao ndivyo afanyavyo kila mama anayejifungulia nyumbani. Asubuhi hiyo mumewe, Sjoerd, alichemsha chai na kupanga biskuti kavu za kuwalisha watakaokuja kumwona mtoto.

Mkunga Tjitske alikuja na Jildou, mwanafunzi wa uuguzi. Jildou hakuwahi kuona uzazi. Alipokiona kitanda kilivyoinuliwa, alidhani ameelewa: mama hujifungua akiwa amelala juu yake. Tjitske alipokwenda jikoni kunawa mikono, Jildou akamgeukia Baukje.

"Panda, dada. Lala chali upumzike."

Baukje akatii. Uchungu ukabana. Jildou akaweka kifaa tumboni, akasikiliza moyo wa mtoto. Ulipiga haraka, kisha ukapungua. Uchungu ukaachia, lakini moyo bado ulijikokota. Jildou akachanganyikiwa. Si uchungu ni kazi ya mama? Mbona anayechoka ni mtoto?

"Naona kizunguzungu," Baukje akasema.

"Mkunga! Njoo! Sijui nimefanya nini!"

Tjitske akatoka jikoni mbio. "Mgeuze. Alalie ubavu wa kushoto."

Wakamgeuza. Jildou akasikiliza tena. Taratibu moyo ukashika kasi yake. Machozi yakamtoka.

"Moyo wake ungekawia kurudi, ningeita gari la wagonjwa," Tjitske akasema. "Sasa kunja ngumi. Kaza! Vidole vimekuwaje?"

"Vimepauka."

"Damu imebanwa. Mfuko wa uzazi ukikaza, damu iendayo kwenye kondo la nyuma hupungua. Mtoto hutumia akiba yake. Ukilegea, damu hurudi, naye hujaza akiba tena."

"Kumbe naye anafanya kazi?"

"Tena kubwa! Ndiyo maana tunasikiliza hata baada ya uchungu kuachia. Na mama akilala chali, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa mgongoni. Damu hairudi vizuri moyoni mwake. Yeye huona kizunguzungu, na mtoto hapati damu ya kutosha."

Jildou bado hakuelewa. "Sasa kitanda mmekiinua kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mgongo wangu, mwanangu! Nisiiname." Wote wawili wakacheka.

"Chekeni tu," Baukje akanguruma. "Anayeumwa ni mimi!"

Baukje hakukitaka tena kitanda. Alipiga magoti sakafuni, akamkumbatia Sjoerd shingoni. Kila uchungu ulipoachia, Jildou alisikiliza mpaka aridhike, mkono wake mwingine ukipima mapigo kwenye kifundo cha mkono wa Baukje, asije akachanganya moyo wa mama na wa mtoto. Moyo ulipungua, ukarudi. Ukapungua, ukarudi. Kila uliporudi, Jildou alifurahi kama vile ni mara ya kwanza.

Mtoto wa kike akatoka akipiga kelele. Sjoerd akalia kuliko mtoto, akagawa biskuti.

Tjitske aliinuka kutoka sakafuni, mkono kiunoni. "Ole wangu, mgongo!"

Jildou akakipigapiga kile kitanda kirefu.

"Panda upumzike, mkunga. Wewe unaruhusiwa kulala chali."