Bampa ni la Wanaoanguka

"Bampa ni la wanaoanguka," alisema Malimi huku akiifuta pikipiki yake. "Mimi na ardhi hatujuani."

Mkewe, Modesta, aliendelea kumenya viazi. Bodaboda wengi wa Kisesa walikwisha kufunga bampa, yale mabomba ya chuma yanayokaa ubavuni mwa injini kukinga miguu. Naye Modesta aliihofia miguu ya mumewe, maana ndiyo iliyolisha nyumba.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, Malimi na ardhi wakajuana. Alimfikisha abiria wake, Bibi Tereza, kule Usagara, akasimama kwenye kokoto ili ashuke. Bibi alipoinuka, mguu wa Malimi uliteleza. Pikipiki ikamlalia mguuni taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba. Ekzosi ikamchoma. Pedali ya breki ikapinda.

Nyumbani alisimulia mengine. Alikuwa spidi, akasema, dume la ng'ombe likakatiza, akalikwepa kiume.

Jirani yao, fundi Nkwabi, alikuja kunyoosha pedali. Modesta akamsimulia habari ya dume, akamuuliza kama bampa lingesaidia.

"Kwa spidi hiyo, shemeji, lisingesaidia kitu. Hapo ni helmeti na kupunguza mwendo. Bampa ni la kuanguka kwa kawaida. Umesimama, umeteleza, basi linaizuia pikipiki isikulalie mguu."

"Kumbe hatulihitaji," alisema Modesta.

Malimi aliutazama mguu wake uliofungwa bandeji. Uongo wake ulikuwa mtamu, lakini bampa sasa alilitaka.

"Haikuwa spidi sana," alisema kwa sauti ndogo.

Nkwabi alitabasamu tu. Akamwelekeza achague bampa gumu, lifungwe kwa bolti kwenye fremu, lisizuie usukani kukata kona. Tena asilitundikie madumu.

Masika yalipoanza, pikipiki ilianguka tena, kwenye tope la Bujora. Safari hii bampa lilitangulia kugusa chini. Malimi akachomoa mguu mzima, akainyanyua pikipiki, akaendelea na kazi. Lililokwaruzika ni bampa.

Kijiweni akawahimiza wenzake nao wafunge. Ushauri ulikuwa mzuri, ila akautia chumvi. Modesta alifika na chakula cha mchana akamkuta katikati ya hadithi.

"Lile dume la Usagara," Malimi alikuwa akisema, "pembe zake zilinipita hapa."

"Dume gani, mjukuu wangu?" aliuliza Bibi Tereza, aliyekuja kutafuta usafiri. "Siku ile si tulikuwa tumesimama? Mimi ndiye niliyekuwa nashuka."

Modesta akaweka sufuria chini, akakunja mikono.