Kodi Iliyorudi kwa Mjomba Khalfani

Wewe unayesoma, acha kujifanya hukuona. Umewahi kumwona mkubwa akitia mfukoni kilicho cha watu wote, ukainamia sahani yako ukaendelea kula. Basi msikilize Rukaya, maana naye aliinamia.

Jumamosi moja, nyumbani kwa mjomba wake huko Sofu, Kibaha, Rukaya alifua sare, akadeki ukumbi, akachemsha chai kama kawaida. Kunywa ndiko kulikomshinda. Ni kwa sababu siku hiyo walikuwa wanapeleka pampu Marui, kijijini kwa bibi yake.

Pampu hiyo ya umeme wa jua ilikuwa mali ya wanakijiji. Walichanga kwa misimu miwili ya korosho, wakamkabidhi Mjomba Khalfani fedha aliposema anakwenda Johannesburg kumchukua Rukaya, aliyekuwa likizo kwa mama yake, msusi wa huko. Pampu ikanunuliwa. Lakini kwenye uwanja wa ndege wa huko, kabla ya kukabidhi mizigo, mjomba aliifungua mbele ya maofisa wa forodha, akawaonyesha na risiti yake. Rukaya akauliza kulikoni.

"Hapa mgeni akinunua kitu akaondoka nacho, anarudishiwa kodi aliyokatwa dukani," mjomba alimweleza akitabasamu. "Itaingia kwenye kadi yangu. Ya huku yaishie huku, sawa mama?"

Walipofika Dar akamnunulia raba nyeupe. Rukaya akazivaa, akanyamaza.

Sasa walikuwa Marui, wamekaa mkekani kwa Bibi Mwanamvua. Shikamoo zilikwisha, pampu ikapapaswa na kila mkono. Pembeni alilala Yahya, binamu yake mdogo, macho yamezama. Maji ya bwawa yalikuwa yanamharisha tangu juzi.

"Pampu tumeiona, ahsante," alisema Bi. Kudra, mwenyekiti wa kamati ya maji. "Mabomba je?"

"Fedha yote imeishia kwenye pampu, mama zangu. Mchange tena msimu ujao."

"Msimu ujao!" mwanamke mmoja alidakia. "Basi tuwaambie watoto wasione kiu mpaka mikorosho izae?"

Watu walicheka, kicheko kichungu. Mjomba akainuka aage. Hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa miaka ya mjini ilimsahaulisha desturi ya ukoo wake: safari ya mchango haifungwi mpaka kila aliyesafiri atoe habari, mkubwa kwa mdogo.

"Kaa," Bibi Mwanamvua alimwambia mwanawe. "Wewe umetoa habari. Bado Rukaya. Haya mjukuu wangu, lipi limebaki?"

"Mama nawe! Huyu safari nzima alikuwa anasinzia."

"Hata anayesinzia huota. Mwache aseme."

Rukaya aliinua macho. Jicho la mjomba lilimkodolea. Ada ya shule alilipa yeye. Kitanda alichokilalia kilikuwa chake. Akisema, usiku atalala wapi? Yahya aligeuka akalia kwa sauti nyembamba, kama paka.

"Kodi ilirudi, bibi," Rukaya alisema. "Kodi ya pampu. Mjomba alirudishiwa. Hata raba hizi zimetoka humo. Nilijua, nikanyamaza."

"Mnafiki we!" Mjomba alifoka. "Nakulisha, nakusomesha!"

"Hukumlisha ili awe kufuli la mdomo wako," Bi. Kudra alimkata.

"Foleni nimepanga mimi! Risiti nimeonyesha mimi!"

"Risiti ya fedha ya nani, Khalfani? Ungetaka posho ungetuomba, tungekupa."

Mjomba aliangaza huku na huku akitafuta wa kumtetea. Wote walimkazia macho, na mama yake akiwamo. Akatoa simu, akaituma fedha yote aliyorudishiwa kwa mweka hazina hapohapo.

Rukaya alianza kuvua raba.

"Vaa, mwanangu," Bi. Kudra alisema. "Mjomba wako kazilipia sasa hivi."

"Na mtoto anarudi Sofu na wewe," Bibi alimwonya Khalfani. "Nitakuja mwenyewe kutazama analala wapi, anakula nini."

Wiki iliyofuata mabomba yalinunuliwa kwa fedha hiyo, yakafukiwa, maji safi yakatoka, na Yahya akawa anakimbia tena. Bi. Kudra akawakusanya watoto bombani.

"Sijasahau saruji ya kisima chetu cha kwanza," alisema. "Ilijenga kibaraza cha mtu, nasi tukawa tunapita pale tukimsalimia. Jifunzeni kwa Rukaya. Kilichonunuliwa kwa mchango, hata kinachorudi ni cha mchango. Na anayejua akanyamaza, amemshikia mwizi mfuko."

Umesikia. Darasani kwenu kuna mchango, na yupo anayeushika. Funga kitabu hiki, inuka, kamuulize mbele ya wenzako: kilichobaki kiko wapi? Leo hii, kabla kengele haijalia.