Kengele ya Vifaranga

"Usiniambie habari za bahati mbaya!" Teodora alifoka. "Vifaranga mia nne wamekufa kwa baridi, na wewe unachezea kompyuta!"

"Sikuchezea. Nilikuwa naweka programu mpya ya mauzo," mumewe, Alfonsi, alijibu. "Mkaa wa bandani ndio uliozimika."

"Mkaa huzimika. Ndiyo maana tukaweka kengele."

Ndoo tatu za vifaranga waliokufa zilikuwa mlangoni. Nje, ukungu wa Makambako ulikuwa bado mzito.

Kengele yao ilikuwa programu ndogo kwenye kompyuta. Joto la banda likishuka, ilituma ujumbe kwenye simu ya Teodora. Jana simu ilinyamaza kutwa nzima, naye akapalilia viazi bila wasiwasi. Aliporudi, vifaranga walikuwa wamelundikana kona moja, wamekakamaa.

Sasa mayai mia tatu kwenye mashine ya kutotolea yalikuwa yanapasuka. Vifaranga hawa nao wakifa, ufugaji umekwisha.

"Kamwene. Poleni," Zipora aliwasalimu akiingia. Alisoma na Teodora, na sasa alikuwa akifundisha kompyuta chuoni Njombe. Teodora alikuwa amempigia simu, naye akapanda basi la kwanza. "Shemeji, uliandika amri gani jana?"

Alfonsi akamwonyesha. Zipora akaguna.

"Kila programu hapa imefungwa kwenye kontena lake, pamoja na vyote inavyohitaji. Hapo sawa. Ila mnatumia chombo kiitwacho Docker, na Docker ina msimamizi mmoja, yaani programu inayoshika makontena yote. Ulitaka kusimamisha mauzo, ukamsimamisha msimamizi. Kengele ikalala naye."

"Lakini nilimwasha tena!"

"Aliamka peke yake. Kengele haikuwa imepangwa kuamka naye."

"Kwa hiyo Docker ni mbaya?" Teodora aliuliza.

"Hapana, inaweza kupangwa vizuri. Lakini anayemwamuru msimamizi ana nguvu juu ya kompyuta nzima. Kuna chombo kingine, Podman. Amri zake nyingi ni zilezile. Hakina msimamizi. Kila mtu anaendesha makontena yake kwenye akaunti yake."

"Basi kengele ikae kwenye akaunti yangu. Baba Erica abaki na mauzo yake."

"Unanifungia nje ya kompyuta niliyoibeba mwenyewe kutoka Njombe?"

"Nakufungia nje ya kengele. Au ndoo tatu hazikutoshi?"

Alfonsi alizitazama ndoo. Akainuka, akamwachia Teodora kiti.

Zipora alielekeza, Teodora akaandika. Waliliondoa kontena la zamani la kengele, wakawasha jipya kwa Podman.

"Hujamaliza," Zipora alimwonya. "Ukitoka kwenye akaunti yako, makontena yako yanaweza kuzimika. Iambie kompyuta iyaache yaendelee, na yajiwashe yenyewe umeme ukirudi."

Teodora akaandika amri hizo pia, kisha akatoka kwenye akaunti yake.

"Sasa zima mauzo yako kama jana," alimwambia mumewe.

Alfonsi akazima. Teodora akatumbukiza kipimajoto cha kengele kwenye maji ya baridi. Wote watatu wakaikodolea macho simu mezani. Kimya. Kisha ikalia.

"Tutaijaribu hivi kila asubuhi," Teodora alisema. "Simu ikinyamaza, mtu aende bandani akaone kwa macho yake."

Alfonsi aliwasha mkaa bandani. Joto lilipofika, Teodora akafungua mashine ya kutotolea, akahamisha vifaranga kumi na wawili wa kwanza waliokwisha kukauka. Walisimama karibu na jiko, wakalia kwa nguvu.

Ndipo Alfonsi akachukua jembe na ndoo mbili. Teodora akabeba ya tatu, simu mfukoni, wakaenda kuchimba shimo.